Vifaranga wa siku 25 wanapiga chafya banda zima, ni chanjo au ni mafua? Msaada wakuu

Nuru wa Kihonda

Habari za saa hizi wakuu, naombeni msaada maana tangu juzi silali vizuri. Nina vifaranga wa kuroiler 140, leo wana siku 25, niko Morogoro Kihonda na mvua ya huku mwezi wa nne mnaijua wenyewe, inanyesha usiku kucha asubuhi inapumzika kidogo afu inaanza tena.

Juzi jioni nimeingia kuwawekea maji nikasikia chi! chi! nikadhani panya, kumbe ni wao. Mmoja anapiga chafya anakung'uta kichwa, mwingine kule kwenye kona kama anaitikia. Jana wamezidi, leo asubuhi ndo banda zima yaani ukisimama mlangoni ni chi chi chi.

Wanakula vizuri tu, maji wanakunywa, kinyesi naona cha kawaida, hakuna aliyelala pembeni na mbawa chini. Waliokufa ni 4 tu tena wiki ya kwanza kabisa. Chanjo nimewapa zote kwa maji ya kunywa, siku ya 7 mdondo (kideri), siku ya 14 gumboro, siku ya 21 nikarudia mdondo, kwa hiyo ile ya mwisho ina siku nne tu. Chini nimewawekea vumbi la mbao nachukua bure kwa fundi seremala jirani, joto natumia jiko la mkaa ndani ya chungu, na turubai nimeshusha pande zote mpaka chini maana baridi ya usiku sio mchezo.

Nimeenda duka la dawa za mifugo, jamaa hajauliza hata swali moja, katoa antibayotiki ya aina mbili na vitamini, jumla elfu 28. Nikamwambia ngoja nikachukue hela nyumbani, nikaja hapa kuuliza kwanza. Je ni ile chanjo inawasumbua au ndo mafua yameingia?

Chotara Tupu

Dada hayo ni mafua usijidanganye. Mimi mwaka jana nilikaa kusubirisubiri hivyo hivyo nikaja kufukia kuku 60 ndani ya wiki. Chukua hiyo dawa leo leo, na jioni wasagie kitunguu saumu na pilipili kichaa uweke kwenye maji. Kingine mwaga chokaa chini juu ya hilo vumbi iue wadudu wote, baada ya siku tatu njoo unishukuru.

BandaBora

Chotara na wewe bana, hao 60 walikufa na nini, uliwapasua ukaona au ulifukia tu ukasema mafua? Huku kila kuku akipiga chafya ni mafua, akiharisha ni mafua, akichinjwa ni mafua.

Nuru, mafua yenyewe yale hasa utayajua kwa uso. Kuku anavimba chini ya jicho mpaka jicho linafunga, puani makamasi yananata na vumbi, na ananuka, yaani ukimshika harufu inabaki mkononi. Tena mara nyingi yanashika kuku wakubwa wakubwa, wa siku 25 sio sana. Wa kwako wana hayo? Kama hawana usitoe elfu 28 yako.

Chotara Tupu

Sikuwapasua. Ila walikuwa wanapiga chafya.

Mzee wa Josho

Nuru mwanangu, umeuliza vizuri kwa sababu umetaja siku, chanjo, matandiko na turubai. Wengi wanaandika "kuku wangu wanaumwa nisaidieni" basi. Mimi nimestaafu uafisa mifugo ngazi ya kata, nimeingia kwenye mabanda mengi nikiwa nimeshika pua.

Chanjo ya mdondo ya maji ni kirusi hai kilichopunguzwa makali, kikiingia kinakaa kidogo kwenye koo na pua, kwa hiyo siku ya tatu mpaka ya tano hivi kifaranga kupiga chafya kavu ni jambo la kutegemewa. Inatakiwa iwe nyepesi, ipite ndani ya siku chache, asiache kula. Ila chanjo peke yake haifanyi banda zima liite kama ulivyosema. Ikikuta njia ya hewa imeshachubuka ndipo inapiga kelele hivyo, na kilichoichubua nakionea kwenye maelezo yako mwenyewe, turubai mpaka chini, mvua, na vumbi la mbao.

Fanya hivi kesho alfajiri kabla hujafungua chochote. Ingia, funga mlango nyuma yako, chuchumaa mpaka uso wako uwe usawa wa vichwa vyao, uvute hewa kwa dakika moja. Usisimame. Wewe ukisimama pua iko mita moja na nusu juu, wao pua iko sentimita kumi kutoka kwenye kinyesi, hamuishi nyumba moja hapo. Kama macho yanawasha au koo linakereketa basi ni amonia. Kinyesi kikilowa na joto likiwepo vijidudu vinakivunja inatoka hiyo gesi, na hiyo gesi inaunguza vile vinyweleo vidogo ndani ya koromeo vinavyosukuma uchafu nje. Vikishakufa vinyweleo kila kinachopita kinaingia, vumbi, kirusi, chochote. Na ukae ukijua mwenye banda pua yake inazoea, mlete mtoto au jirani ambaye hashindi humo umuulize.

Pili chota matandiko karibu na vyombo vya maji, fumbata kwenye kiganja kisha fungua. Yakibaki donge yamelowa. Yakimwagika taratibu yako sawa. Yakipeperuka ni makavu mno nalo ni tatizo, na hilo vumbi la fundi seremala mimi silipendi hata likiwa kavu, ni laini sana, wanalivuta na wengine wanalila. Omba maranda, yale yanayotoka kwenye randa yamejikunja, au pumba za mpunga ambazo hazina ukungu. Zenye ukungu usithubutu, zile zina kuvu inayoingia mapafuni na kifaranga anahema mdomo wazi kimya kimya bila hata chafya, hana dawa huyo.

Tatu kesho usiku, zima taa, simama nje dakika kumi watulie, kisha sikiliza. Mchana kelele ni nyingi unadanganyika. Chafya kavu, chi, ni pua. Ukisikia krr krr kama mtu anavuta soda iliyoisha kwa mrija, hiyo ni ya chini zaidi na habari yake nyingine. Hesabu wangapi.

Na chokaa usimwage. Ndugu yangu Chotara samahani, ila chokaa ukiitia juu ya kinyesi kibichi amonia inafumuka zaidi, sio inapungua. Watu wanaisifu kwa sababu wanaimwaga banda likiwa tupu, huko sawa.

Mpwani Kilifi

Mzee shikamoo, naongezea kidogo kutoka huku Kilifi. Sisi wengi twawalisha kuku mahindi meupe na machicha ya nazi, na mahindi meupe hayana ile rangi inayofanya vitamini A, tofauti na ya manjano. Kuku akikosa hiyo vitamini ngozi laini ya puani na machoni yakauka, aanza chafya na jicho latoa uchafu mweupe mtu akafikiri ni mafua. Mie niliwapa matembele na majani ya mlonge wakakaa sawa. Dada Nuru wewe walisha nini?

Nuru wa Kihonda

Mzee wa Josho shikamoo, asante sana baba. Mpwani mimi nawapa chakula cha kununua cha vifaranga, mahindi bado sijaanza.

Sasa ripoti. Nimeingia saa kumi na moja alfajiri nikachuchumaa. Wakuu sikumaliza dakika. Machozi yametoka kama nakata vitunguu, nimetoka nje nakohoa, mume wangu anauliza kuna nini. Siku zote naingia nimesimama namwaga maji natoka, nilikuwa naona banda langu halinuki! Nimemleta binti yangu wa darasa la tatu akasema "mama kunanuka kama choo cha shule".

Matandiko karibu na maji ni donge, tena donge la kufinyangia, ukilibonyeza kidole kinaingia. Vyombo vya maji nilikuwa nimeviweka chini kabisa wanaingia na miguu wanamwaga. Kule katikati kwenye jiko ni vumbi tupu, ukitikisa linaruka mpaka usoni. Yaani nina matatizo yote mawili kwenye banda moja la mita nne kwa tano.

Nimefanya hivi, donge lote nimelitoa nje ndoo kumi na mbili, nimeweka maranda magunia matatu, vyombo nimevipandisha juu ya tofali na waya ili vifike usawa wa mgongo wao. Turubai nafanyaje? Nikifungua si watakufa na baridi?

Mzee wa Josho

Marahaba mwanangu. Fungua juu, usifungue chini. Hewa chafu yenye unyevu ni ya moto, inapanda, ipe nafasi ya kiganja kimoja na nusu hivi chini ya bati pande mbili zinazotazamana, itatoka yenyewe. Chini paendelee kuzibwa ili upepo usiwapige. Wana siku 25, hawa wameshaanza kuota manyoya, hawahitaji joto la wiki ya kwanza lile la nyuzi 32 mpaka 35, kila wiki ulitakiwa uwe unashusha kama nyuzi tatu. Waangalie wao ndio kipimajoto, wakirundikana kwenye jiko wanasikia baridi, wakikimbilia ukutani wametanua mbawa umewaunguza.

Jiko nalo, mkaa uwashie nje mpaka uwe mwekundu wote usiwe na moshi ndipo uingize. Na bila tundu la juu usilitumie kabisa, hewa ya mkaa inaua bila chafya, unakuta asubuhi wamelala tu kama wamesinzia.

Ile ya usiku umesikiliza?

Nuru wa Kihonda

Nimesikiliza jana na leo. Jana chafya zilikuwa nyingi sikuweza hata kuhesabu. Leo ni siku ya pili tangu nitoe lile donge, zimepungua sana, labda kila baada ya nusu dakika moja. Lakini baba ile krr krr ipo. Inatokea upande wa kulia. Nimewasha tochi ya simu ghafla nikamuona mmoja anafungua mdomo kidogo kila akivuta, na jicho lina povu kwenye kona kama povu la sabuni. Hajavimba uso, hanuki.

Mzee wa Josho

Povu kwenye jicho na kukoroma usiku.

Nikuulize jambo, na unijibu kweli. Hao 140 wote umewatoa sehemu moja siku moja?

Nuru wa Kihonda

😔 Hapana baba. Niliowachukua wa siku moja, ukitoa wale 4 waliokufa, ndo hao 120. Hao 20 niliongezea wakiwa na wiki mbili, kuna mtu mtaa wa pili alikuwa anahama anauza bei nzuri, wana umri sawa na wangu nikaona nijazie banda. Sikuandika kwa sababu sikuona kama inahusu. Walikuwa wazima kabisa wamechangamka.

BandaBora

Yaani umeandika mpaka turubai ukasahau kuku ishirini wa mtaani 😂

Chotara Tupu

Hapo ndo wanapotumalizaga. "Nahama nauza bei nzuri." Kila mwenye kuku wagonjwa anahama.

Mzee wa Josho

Muacheni, hakuna humu ambaye hajawahi kujazia banda.

Nuru, unaweza kuwatambua hao 20?

Nuru wa Kihonda

Naweza! Niliwafunga uzi mwekundu mguuni ili nione nani anakua haraka. Nimetoka kuangalia sasa hivi na tochi. Wanaokoroma nimewapata 9, wenye uzi ni 7.

Mzee wa Josho

Basi una mambo mawili yamepandana. Chafya ya banda zima ilikuwa amonia na vumbi, chanjo ikaongezea chumvi, hiyo inaondoka na unaiona inaondoka. Hao wa uzi mwekundu wana uwezekano mkubwa wamekuja na maikoplazma. Huo ugonjwa mama anampa kifaranga kupitia yai, anatotolewa nao, anaweza kukaa mzima wiki kadhaa hana dalili, siku hali ya hewa ikichafuka au akipata chanjo ya njia ya hewa ndipo unafumka. Kwa hiyo aliyekuuzia anaweza hata yeye hakujua.

Mimi sijawaona, naongea kwa simu tu hapa. Watenge wote 20 pamoja na wale 2 wasio na uzi, uwe unawahudumia wa mwisho na kwa viatu vingine. Halafu wewe uko Morogoro una bahati, SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wana hospitali ya wanyama hapo hapo, chukua wawili wanaokoroma wakiwa HAI uwapeleke. Usisubiri wafe, na kama mmoja akifa mpeleke siku hiyo hiyo kwenye mfuko uliofungwa ukiwa na barafu pembeni, usimgandishe. Walio mbali nao wanaosoma hapa, Wakala wa Maabara ya Veterinari wana vituo mikoani, muulizeni afisa mifugo wa kata awaelekeze.

Na ukiona vifo vya haraka, uharo wa kijani, shingo kupinda, achana na habari zangu zote za chafya, huo ni mdondo umepenya, piga simu kwa afisa mifugo na usiuze hata mmoja.

Nuru wa Kihonda

Mrejesho wakuu, samahani nimechelewa siku tano.

Nimewapeleka wawili. Daktari wa zamu dada mmoja mdogo tu, kawasikiliza kifuani kama mtoto, kachukua damu, kisha mmoja akasema tumpasue nione mwenyewe. Kanionyesha vifuko vya hewa, kumbe kuku ana vifuko vya hewa tumboni huko! Kasema vinatakiwa viwe angavu kama nailoni ya barafu za watoto, huyu wangu vilikuwa na ukungu na vipovu vyeupe pembeni. Tone la damu walilochanganya na dawa yao ya rangi kwenye kigae likakatika vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika. Maikoplazma kama ulivyosema baba.

Kaandika dawa moja tu, ya siku tano, kwa wale waliotengwa, na kasisitiza maji ya dawa yabadilishwe kila siku. Nimenunua elfu 11. Zile mbili za mwanzo nimemuonyesha nilizipiga picha, akasema moja ingewasaidia kidogo ila kwa amonia isingefanya kitu, ningekuwa nawapa dawa huku nawaunguza.

Leo usiku nimesikiliza. Kwa wale 118 dakika kumi nzima nimesikia chafya mbili, inaweza hata ikawa ni kuku mmoja. Kwa waliotengwa wanaokoroma wamebaki 3, mmoja amekufa jana.

Swali la mwisho. Hao wakipona naweza kuwarudisha? Na nilikuwa nimepanga majike nibaki nao nitotoleshe mayai.

Mzee wa Josho

Hongera, na huyo daktari nimempenda.

Usiwarudishe. Dawa inatuliza, haimalizi, kuku aliyepona anabaki amebeba. Wakue huko huko, wakifika uzito wachinje muwale, nyama haina shida kwa mtu ila soma kwenye kibandiko siku za kusubiri baada ya dozi ya mwisho. Kuhusu kutotolesha, hata hao 118 wameshakaa na wenzao siku kumi na kitu humo ndani, maji yale yale, kwa hiyo mayai yao kula, uza ya kula, usitotoleshe wala usimpe mtu kwa kutotolesha. Kuroiler mwenyewe ni chotara, vifaranga wake wangekutoka wa kila aina, hujapoteza kikubwa.

Banda likiwa tupu toa kila kitu, osha, lipumzike wiki mbili kabla ya kuingiza wengine. Hapo ndipo chokaa.

Mpwani Kilifi

Mie nimechuchumaa bandani kwangu leo kwa ajili ya huu uzi. Sisemi nimesikia nini.

Chotara Tupu

Mzee wa Josho shikamoo. Mimi ile chokaa nilishaimwaga kwangu tangu siku ile naandika, juu ya pumba mbichi, kuku 200. Leo asubuhi nimechuchumaa nimeshindwa kufungua macho. Nafanyaje?

Mzee wa Josho

Marahaba. Kuna mvua huko?

Chotara Tupu

Inanyesha mzee, na sina pumba kavu.

Mzee wa Josho

Fungua juu sasa hivi, kisha chukua koleo anzia kwenye vyombo vya maji. Pumba utazitafuta ukiwa umeshazitoa hizo.